Amplifaya ndogo ya Bluetooth kwa hedifoni za waya: jinsi ya kuichagua na kuitumia

Maswali ni yaleyale kila mara. Simu mpya haina tundu la hedifoni, nifanyeje na hedifoni zangu nzuri za waya? Hicho kidude cha Bluetooth kitaniongezea sauti? Kwa nini nimenunua cha bei kubwa na sisikii tofauti? Wengi huuliza wakiwa wameshalipa, na hapo ushauri huwa umechelewa. Mwongozo huu usome kabla hujatoa pesa. Kama umeshanunua, nenda moja kwa moja hatua ya 5.

Kifaa tunachozungumzia ni kidogo, hukaa kwenye mfuko wa shati, na kina betri yake. Kinapokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, kinaugeuza kuwa umeme wa sauti, kinaukuza, kisha kinaupeleka kwenye hedifoni za waya. Kwa hiyo hakina kazi na hedifoni ambazo zenyewe ni za Bluetooth, maana hizo zina amplifaya yake ndani. Wala hakiwezi kurekebisha rekodi mbovu. Wimbo uliopita WhatsApp mara kumi utabaki vilevile, ila utausikia kwa nguvu zaidi.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Hedifoni au iafoni zako za waya, pamoja na boksi lake au jina kamili la modeli
- Simu utakayoitumia, si ya rafiki
- Kebo ya USB ya kuchajia na chaja ya kawaida ya volti 5
- Nyimbo mbili tatu unazozijua vizuri, zilizopakuliwa kwa ubora wa juu
- Kama hedifoni zako zina pini nene ya milimita 6.3, adapta ya kuishusha hadi 3.5

Hatua ya 1: Hakikisha kweli unaihitaji

Apple waliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na kampuni nyingi zikafuata, lakini simu nyingi za TECNO, Infinix na itel zinazouzwa kwetu bado zinalo. Kama lako lipo, chomeka hedifoni, weka wimbo unaoujua, pandisha sauti hadi robo tatu. Inatosha? Besi imetulia bila kukwaruza? Basi simu yako inazimudu hedifoni hizo, na pesa yako ina matumizi mengine.

Kama tundu halipo, ijue kwanza njia ya bei nafuu: kigeuzi kifupi cha USB-C kwenda 3.5. Cha Apple huuzwa dola 9 huko Marekani na ubora wake ni mzuri sana kwa bei hiyo, ila kwenye simu nyingi za Android sauti yake hutoka ndogo. Kampuni nyingine zina vigeuzi visivyo na tatizo hilo. Ukisikiliza umekaa mezani, kigeuzi kinatosha.

Amplifaya ya Bluetooth inastahili pesa yako pale unapotembea. Simu inakaa ndani ya begi au mfuko wa ndani, kifaa kinabanwa kwenye shati, na unabadilisha wimbo bila kutoa simu katikati ya stendi. Kwa anayepanda daladala au matatu kila siku, hiyo peke yake ni sababu tosha. Pia tundu la USB-C la simu linabaki huru kwa chaja.

Hatua ya 2: Zisome hedifoni zako

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanaporuka, na ndipo pesa inapopotea. Tafuta namba mbili kwenye boksi au tovuti ya mtengenezaji. Ya kwanza ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Ya pili ni wepesi wa hedifoni kutoa sauti, yaani desibeli ngapi kwa miliwati moja. Mtengenezaji mwingine huandika kwa volti moja badala ya miliwati, kwa hiyo soma vizuri.

Hesabu yake ni nyepesi. Namba ya desibeli kwenye boksi ni sauti ya miliwati 1. Ukizipa hedifoni hizo miliwati 10, unapanda desibeli 10. Ukizipa 100, unapanda 20. Chukua Audio-Technica ATH-M50x, zinazopendwa na vijana wa studio: omu 38, desibeli 99. Kifaa kama Qudelix-5K hutoa miliwati 80 kwenye omu 32 kupitia tundu la kawaida, hivyo M50x zitafika kama desibeli 117. Sauti ya namna hiyo ni ya kuumiza sikio. Hata HiFiMan HE400se, ambazo ni nzito kuzisukuma kwa desibeli 91, zikipata miliwati 50 zinafika karibu desibeli 108.

Kwa hiyo nasema bila kusita: namba kubwa ya miliwati kwenye tangazo si sababu ya kununua. Kwa hedifoni nyingi walizonazo watu, kifaa cha kawaida kina nguvu ya kutosha na kubaki.

Wanaopaswa kuangalia zaidi ni wenye hedifoni za omu nyingi, kama Sennheiser HD 600 na HD 650 za omu 300, au Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250. Hizi zinataka volti nyingi zaidi. Kifaa kinachotoa volti 2 kitazifikisha juu ya desibeli 100, na hiyo inatosha kwa nyimbo nyingi. Kinachotoa volti 4 kitakuongezea desibeli 6, na utazifurahia kwenye okestra au taarab ya zamani iliyorekodiwa kwa sauti ya chini. Kumbuka DT 770 Pro huuzwa kwa omu 32, 80 na 250 zikiwa na sura zinazokaribiana, basi soma maandishi yaliyo kwenye hedifoni yenyewe.

Iafoni ndogo za kuingiza sikioni, kama za KZ au Moondrop, zina shida ya upande wa pili. Ni nyepesi mno kutoa sauti, kwa hiyo kifaa chenye kelele ya chini kwa chini utaisikia kama mvumo kati ya wimbo na wimbo. Kwa hizo, tafuta kifaa kitulivu na usihangaike na nguvu.

Hatua ya 3: Jua simu yako inatuma nini

Kwa kawaida muziki hausafiri mzima kwa Bluetooth. Unabanwa kwanza, na njia ya kuubana inaitwa kodeki. Simu na amplifaya lazima ziwe na kodeki moja inayofanana, la sivyo zitashuka hadi SBC, ambayo kila kifaa cha muziki cha Bluetooth kinayo.

iPhone inatuma SBC na AAC tu. Ukiwa na iPhone, usilipie kodeki za ubora wa juu kama LDAC wala aptX kwa sababu hutazitumia kamwe kwa njia ya hewa.

Kwenye Android, LDAC ya Sony iliingizwa kwenye mfumo tangu toleo la 8.0 la mwaka 2017, lakini si kila mtengenezaji wa simu ameiwasha. LDAC ina ngazi tatu: kilobiti 330, 660 na 990 kwa sekunde. SBC ikipangwa vizuri hufika kama 328. CD ni 1,411, kwa hiyo anayekuambia Bluetooth ya kodeki hizi haipunguzi chochote anakuuzia maneno.

Kujua simu yako ina nini, fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, gusa Nambari ya muundo mara saba, kisha rudi ufungue Chaguo za wasanidi programu na uitafute kodeki ya sauti ya Bluetooth. Simu ikiwa kwa Kiingereza, tafuta Build number na Developer options. Usiguse kitu kingine humo ndani.

Hatua ya 4: Nunua

Sasa una taarifa tatu: hedifoni zako, simu yako, na mahali utakaposikilizia. Nenda nazo dukani au mtandaoni.

Kwa matumizi ya kila siku na hedifoni za kawaida, FiiO BTR13 inatosha kabisa. Nje huuzwa kwa takriban dola 70. Qudelix-5K ni takriban dola 110, na ndiyo ningemshauri mtu anayependa kurekebisha sauti kwa sababu ikwalaiza yake (kipangio cha besi na sauti za juu) haina mpinzani kwa bei hiyo. FiiO BTR7 ni kubwa na ghali zaidi, na inawafaa wenye hedifoni ngumu kuzisukuma. Ongeza usafirishaji na ushuru kabla ya kulinganisha bei hizo na za duka la mtaani, maana hapo ndipo mahesabu ya wengi yanapoharibika.

Kariakoo au Luthuli Avenue utaona pia vipokezi vya bei ndogo sana vya AUX ya gari. Vinapokea Bluetooth, ni kweli, lakini vingi vimetengenezwa kulisha redio ya gari yenye amplifaya yake. Ukivichomekea hedifoni za omu 80 au zaidi, sauti itakuwa dhaifu na yenye mvumo. Angalia pia herufi: RX maana yake kinapokea, TX kinatuma. Wapo wanaorudi nyumbani na kifaa cha TX na kushangaa simu haikioni.

Tundu la balansi, la milimita 2.5 au 4.4, hutoa nguvu zaidi, lakini linahitaji hedifoni ambazo waya wa kila sikio unajitegemea hadi kwenye pini. M50x haziko hivyo, Sony MDR-7506 haziko hivyo, DT 770 Pro haziko hivyo. HD 600 zinakubali ukibadilisha kebo. Kama zako hazikubali, usilipie tundu usiloweza kulitumia.

Onyo kubwa: usichomeke hedifoni za pini ya kawaida ya 3.5 kwenye tundu la balansi kwa kutumia adapta. Pini ya kawaida inaunganisha pande mbili ambazo amplifaya inataka zitengane, na matokeo yake ni kuipiga shoti. Kinyume chake, kebo ya balansi kwenye tundu la 3.5 kwa adapta sahihi, haina madhara.

Dukani, omba kiwashwe mbele yako. Tumia simu yako na hedifoni zako. Zungusha pini taratibu ndani ya tundu. Sauti ikikatika upande mmoja, omba kingine.

Hatua ya 5: Chaji, kisha unganisha

1. Chaji hadi taa ya kujaa iwake. Chaja ya volti 5 ya simu ya kawaida inatosha.
2. Zima Bluetooth ya simu nyingine yoyote iliyowahi kuunganishwa na kifaa hicho.
3. Bonyeza kitufe cha kuwasha na uendelee kukishikilia hadi taa ianze kumetameta kwa kupokezana rangi. Modeli nyingine zina kitufe maalumu cha kuunganisha, kwa hiyo tazama karatasi yake.
4. Kwenye simu, fungua Bluetooth, chagua jina la kifaa, kubali.
5. Kwenye Android, gusa alama ya mipangilio pembeni ya jina. Acha sauti ya muziki ikiwa imewashwa. Kama hutapokea simu kwa kifaa hiki, zima upande wa simu. Hii itakuepusha na tatizo nitakalolieleza huko chini.
6. Pakua programu ya mtengenezaji, angalia kama kuna sasisho la kifaa, na ulifanye betri ikiwa juu ya nusu. Usizime chochote hadi limalizike.

Hatua ya 6: Chagua kodeki

Kwenye iPhone hakuna cha kuchagua. Kwenye Android, washa LDAC kwenye mipangilio ya kifaa hicho cha Bluetooth. Ukiibadilisha kwenye Chaguo za wasanidi programu, mara nyingi inarudi ilipokuwa ukikata na kuunganisha upya.

Usikimbilie 990. Nyumbani simu ikiwa karibu, sawa. Stendi ya Magufuli au katikati ya jiji la Nairobi, ambako masafa ya 2.4 GHz yamejaa Wi-Fi na Bluetooth za watu, itakatakata. Weka 660, au acha simu ijipangie yenyewe. Ukiulizwa uchague kati ya 990 inayokatika na 660 isiyokatika, hilo si swali.

Angalia pia chanzo. Kwenye Spotify, ubora wa juu sana wa kilobiti 320 unakula kama megabaiti 144 kwa saa moja, basi pakua nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi na ulinde bando lako. Kusikiliza ubora wa chini kabisa kupitia LDAC ni kuchosha betri bure.

Hatua ya 7: Panga sauti

Hatua hii ndiyo inayolinda masikio yako, kwa hiyo ifuate kwa mpangilio huu.

1. Hedifoni ziwe bado hazijavaliwa. Shusha sauti ya amplifaya hadi chini kabisa.
2. Kama sauti ya simu na ya amplifaya zinakwenda kila moja kivyake, pandisha ya simu hadi karibu na mwisho. Kama ukigusa moja na nyingine inafuata, ruka hapa.
3. Chagua geini (kiwango cha ukuzaji) ya chini. Geini ya juu ni ya hedifoni za omu 250 na kuendelea, au zile ngumu kama HE400se.
4. Vaa hedifoni, anza wimbo, pandisha polepole kwa vitufe vya amplifaya.
5. Simama pale unaposikia kila ala bila kukaza sikio.

Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo kwa mtu mzima: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, saa zinashuka hadi 4 kwa wiki nzima. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa 40. Hedifoni safi zinadanganya hapa kwa sababu sauti isiyokwaruza haituonyi kwamba imezidi. Usikivu uliopotea kwa njia hii haurudi. Na ukiwa juu ya bodaboda au unavuka barabara, vua.

Hatua ya 8: Tumia ikwalaiza kwa kiasi

Kabla ya kugusa besi, angalia zinavyokaa. Iafoni isiyoziba sikio vizuri inapoteza besi yote, na hakuna amplifaya ya kuirudisha. Badilisha vipande vya mpira, jaribu kikubwa na kidogo.

Zikishakaa vizuri, punguza kinachokera badala ya kuongeza kinachokosekana. Kama sauti za juu zinachoma kwenye singeli, shusha eneo la kilohezi (kHz) 6 hadi 8 kwa desibeli 2 au 3. Ukilazimika kuongeza besi kwa desibeli 5, shusha kiwango cha jumla kwenye ikwalaiza kwa desibeli 5 vilevile, vinginevyo ngoma zitapasuka. Jaribu na rekodi ya taarab yenye qanuni na fidla: nyuzi za qanuni zisikike mojamoja bila ukali.

Makosa yanayojirudia

Kurekodi au kutengeneza biti kwa Bluetooth. Sauti inachelewa, mara nyingi kwa sehemu ya tano ya sekunde au zaidi, na huwezi kuimba juu yake. Chomeka amplifaya kwa kebo ya USB. Nyingi ya hizi hukubali. YouTube hujirekebisha ili mdomo na sauti viende pamoja, lakini michezo ya simu haifanyi hivyo.

Kuacha kifaa kwenye dashibodi ya gari juani. Betri ndogo za lithiamu haziwezi joto hilo.

Kuamini saa za betri zilizoandikwa kwenye boksi. Zimepimwa kwa sauti ya wastani na kodeki nyepesi. Kwa LDAC na geini ya juu, tarajia pungufu.

Ikigoma

*Simu haikioni kifaa.* Karibu kila mara kimeshajiunga na simu au kompyuta nyingine iliyo karibu. Zima Bluetooth ya huko. Ikishindikana, kifute kwenye orodha ya simu na uanze upya kutoka hatua ya 5.

*Muziki umegeuka kama sauti ya redio ya mbao.* Kuna programu imefungua maikrofoni, mara nyingi mchezo au simu ya WhatsApp, na Bluetooth imehamia kwenye ubora wa kupigia simu. Funga programu hiyo, au zima upande wa simu kama nilivyosema.

*Inakatakata ukitembea.* Mwili wa binadamu unazuia masafa haya. Simu ikiwa mfuko wa kulia, bana kifaa upande wa kulia. Kisha shusha LDAC.

*Sauti ndogo hata ukipandisha yote.* Angalia sauti ya simu, kisha geini, kisha kama programu ya amplifaya imewekewa kikomo cha sauti. Pini pia isukume hadi ilie. Kasha nene la kifaa huizuia kuingia.

*Upande mmoja hausikiki.* Badilisha hedifoni. Upande uleule ukiendelea kunyamaza, tundu lina hitilafu. Ukisikika, kebo ya hedifoni za kwanza imekatika, kwa kawaida pale karibu na pini.

*Mlio mwembamba unapochaji huku unasikiliza.* Unatoka kwenye chaja, hasa za gari. Chomoa, au tumia pawabenki.

*Haichaji kwa kebo ya USB-C pande zote mbili.* Vifaa vingine vidogo haviitambui chaja ya namna hiyo. Tumia kebo yenye USB ya zamani upande wa chaja.

*Kifaa kimevimba au kifuniko kimeanza kuachia.* Ni betri. Acha kukichaji hapo hapo, usikibonyeze wala kukitoboa, kiweke mbali na vitu vinavyoshika moto, na kipeleke kwa fundi anayebadilisha betri za lithiamu.